Hita ya Gari Inapokataa Kufuata Kitufe

Anayesafiri kutoka Makambako kwenda Njombe alfajiri ya mwezi wa saba anajua kwamba hita ya gari si anasa. Ukungu hushuka hadi barabarani, kioo cha mbele hujaa mvuke wa pumzi za abiria, na dereva ambaye hita yake haifanyi kazi hulazimika kufuta kioo kwa kitambaa huku mkono mmoja tu ukibaki kwenye usukani. Hali ni hiyohiyo kwa wanaopita Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, ambako barabara hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Lakini tatizo hilohilo, kwa sura nyingine, humkuta mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye hajawahi kuihitaji hita maishani mwake: kitufe kimewekwa kwenye baridi kabisa, kiyoyozi kimewashwa, na bado hewa inayotoka ni ya uvuguvugu. Wote wawili wana gari lisilodhibiti joto, na mara nyingi chanzo ni kimoja.

Tatizo hili lina sifa mbaya katika gereji zetu. Kwa kuwa sehemu zake nyingi zimefichwa nyuma ya dashibodi, fundi huanza kwa kubahatisha: hubadilisha thamostati, ikishindikana hujaza gesi ya kiyoyozi, ikishindikana tena hupendekeza dashibodi ishushwe yote, na mwenye gari hulipia kila hatua. Mimi naamini kazi hii haihitaji kubahatisha. Joto hufika ndani ya gari kwa kupitia mambo mawili tu, maji na hewa, na mtu yeyote anaweza kujua kosa liko upande upi kwa muda wa nusu saa, kabla hajafungua nati hata moja. Ili jaribio hilo lieleweke, ni lazima kwanza ijulikane joto lenyewe linatoka wapi.

Hita ya gari la petroli au dizeli haitengenezi joto, bali huliazima kwa injini. Katika nishati yote iliyomo kwenye mafuta yanayoungua, takriban theluthi moja ndiyo hufanya kazi ya kuliendesha gari, theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya inayobaki huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini. Maji hayo hupelekwa kwenye rejeta kubwa ya mbele, ambako upepo huyapoza, kisha hurudi. Sehemu ndogo ya maji hayo huchepushwa kabla haijapozwa, hupitishwa kwenye mipira inayopenya ukuta wa bati ulio kati ya injini na chumba cha abiria, na kuingizwa kwenye rejeta ndogo, yenye ukubwa unaokaribia kitabu kinene, iliyowekwa ndani ya dashibodi. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, na hewa hiyo ndiyo inayotufikia miguuni. Kwa hiyo hita ni tawi la mfumo wa kupoza injini, na ugonjwa wa mfumo huo huweza kujionyesha kwenye hita siku nyingi kabla mshale wa joto haujasogea.

Kudhibiti joto hilo kuna mbinu mbili. Ya kwanza, iliyo ya zamani zaidi, ni kudhibiti maji: koki ndogo huwekwa kwenye mpira unaoingia hitani, na ukisogeza kitufe, kebo huivuta koki ifunguke au ifunge. Ya pili, ambayo ndiyo ya magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, huyaacha maji ya moto yapite kwenye rejeta ndogo muda wote, kiangazi na masika, na badala yake hudhibiti hewa. Ndani ya sanduku la hita mna kilango cha plastiki kinachogawa upepo. Kikielekea upande mmoja, upepo wote hupita kwenye rejeta ya moto. Kikielekea upande wa pili, upepo huipita rejeta kando bila kuigusa. Kikikaa katikati, hewa ya moto na ya baridi huchanganyika kwa kiasi ulichotaka. Yapo pia magari yenye vyote viwili, kama Land Cruiser za zamani. Jambo la kushika hapa, ambalo tutalirudia baadaye, ni kwamba hewa hupita kwanza kwenye kipoza cha kiyoyozi, halafu ndipo hufika kwenye kilango na rejeta ya moto.

Jaribio lenyewe ni hili. Washa injini ikiwa imepoa, weka kitufe kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya kati, kisha iache injini ingurume mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida na kutulia. Kwa magari yasiyo na mshale bali taa ya bluu, subiri taa izimike, halafu ongeza dakika kumi. Fungua boneti. Tafuta mipira miwili iliyokaribiana, yenye unene wa kidole gumba cha mtu mzima, inayopenya ule ukuta wa bati nyuma ya injini. Iguse kwa ncha za vidole, mmoja halafu mwingine. Weka mikono na nguo mbali na mikanda, na mbali na feni pia, kwa kuwa feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe hata baada ya injini kuzimwa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kwa sababu yoyote ile wakati huo: maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo na yana joto kupita kiwango cha kawaida cha kuchemka, na yakipata upenyo huruka yakiwa mvuke usoni mwa aliyefungua.

Majibu yako matatu. Ikiwa mipira yote miwili ni ya moto kiasi kwamba mkono hauwezi kutulia juu yake, huku mmoja ukiwa umepungua joto kidogo tu kuliko mwenzake, maji yanafika na yanazunguka, na kosa liko upande wa hewa. Ikiwa mmoja ni wa moto na wa pili ni wa uvuguvugu au baridi, maji yanafika mlangoni lakini hayapiti. Ikiwa yote miwili haina moto, maji yenye joto hayafiki kabisa. Kila jibu lina ukoo wake wa sababu, na sioni kwa nini mtu anunue kifaa chochote kabla ya kuigusa mipira hiyo.

Nitaanza na mipira miwili ya baridi, kwa kuwa hapo ndipo hatari kwa injini ni kubwa zaidi. La kwanza la kuangalia ni maji yenyewe. Katika magari mengi rejeta ndogo iko juu kuliko sehemu nyingine za mfumo, kwa hiyo maji yakipungua, yeye ndiye hukauka wa kwanza huku injini ikiendelea kupozwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha rejeta na utazame ndani. Usiridhike na unachokiona kwenye chupa ya akiba, kwa sababu mpira mwembamba unaoiunganisha chupa na rejeta ukiwa na ufa, au kifuniko kikiwa kimechoka, chupa hubaki imejaa huku rejeta ikiwa pungufu. Dalili ya maji pungufu, au ya hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, ni ya wazi: hita hupoa gari likisimama kwenye foleni, hurudisha joto ukipiga resi, na wakati mwingine husikika maji yakibubujika nyuma ya dashibodi pale gari linapoanza kuondoka, kama vile mtu anayemimina kutoka kwenye mtungi. Pampu ya maji iliyochoka, ambayo mabawa yake yameliwa na kutu, huonyesha dalili inayofanana na hiyo.

Kuongeza maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa hewa iliyonaswa haiondoki kwa hiari. Egesha gari pua ikitazama mlima ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote, weka kitufe cha hita kwenye joto la juu, na jaza polepole injini ikiwa ya baridi. Kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uibinye mipira mikubwa ya rejeta kwa mkono mara kwa mara. Utaona mapovu yakipanda na maji yakishuka. Ongeza kila yanaposhuka, mpaka mapovu yaishe na mipira ya hita ianze kupata moto, halafu funga kifuniko kabla maji hayajaanza kufurika. Kwa gari lenye skrubu maalumu ya kutolea hewa, tumia hiyo na ufuate mwongozo wake. Ikiwa mapovu hayaishi hata baada ya nusu saa, au maji yanapungua wiki baada ya wiki bila tone lolote kuonekana chini ya gari, kuna uwezekano kwamba gasketi ya silinda hedi imetoboka na gesi ya moto inaingia kwenye maji. Hapo suala si la hita tena, na gari lisiendelee kutembezwa.

Ikiwa maji yamejaa na hewa imetolewa, macho yaelekee kwenye thamostati. Kifaa hiki ni koki inayojiendesha: ndani yake mna nta ambayo huyeyuka na kutanuka ikifika kiwango fulani cha joto, ikasukuma pini, na njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa ikafunguka. Injini nyingi za Toyota zilizoko barabarani kwetu hutumia thamostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, na magari mengine hutumia ya nyuzi 88. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipozwe kabla injini haijapata joto lake. Ikikwama wazi, maji hupitia rejeta kubwa tangu dakika ya kwanza, injini haipati joto kamili, na hita nayo hukosa cha kuazima. Dalili yake ni kinyume cha ile ya maji pungufu, na tofauti hiyo ni ya thamani sana kwa anayechunguza: hita huwa na joto la wastani kwenye foleni, lakini ukishika barabara kuu na upepo ukaanza kuipiga rejeta, hewa hupoa na mshale hushuka chini ya mahali pake.

Katika magari yetu, hata hivyo, mara nyingi thamostati haijakwama, bali haipo. Kuna desturi iliyoenea kwamba gari likichemsha mara moja tu, fundi huitoa thamostati na kuitupa, akieleza kuwa nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya Ulaya na Japani. Nasema bila kusita kwamba desturi hiyo inaharibu injini. Injini isiyofikia joto lake huendelea kumwagiwa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa, oili hubaki na unyevu usiopata nafasi ya kukauka, na kuta za silinda huchakaa haraka. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi thamostati ina kisahani cha pili kwa chini ambacho huziba njia ya mkato pale njia ya rejeta inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko awali linapopanda mlima wa Kitonga na mzigo. Aliyeitoa ili kuponya ugonjwa ameuongezea nguvu.

Kuipima thamostati ni kazi ya jikoni, na ina mtego mmoja kwa sisi wa nyanda za juu ambao sijausikia ukitajwa gereji. Huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, kipimajoto huwekwa kando yake, na maji huchemshwa polepole huku ukiangalia ni lini kisahani chake kinaanza kuachana na kiti. Sasa, kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ilivyo karibu na Njombe, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 93, si 100. Thamostati ya nyuzi 82 itafunguka vizuri kabla ya hapo. Ile ya nyuzi 88 itaanza kufunguka, lakini haitafika mwisho wake, kwa kuwa thamostati huhitaji nyuzi kumi au zaidi juu ya kiwango chake cha kuanzia ili ifunguke kabisa. Fundi asiyelijua hilo huitazama ikiwa nusu wazi katikati ya maji yanayochemka na kuihukumu kuwa mbovu, ilhali ni nzima. Ndani ya gari haipatwi na tatizo hilo, kwa sababu kifuniko cha rejeta hubana shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka. Wakati wa kuirudisha au kuweka mpya, kama ina kipini kidogo kinachochezacheza pembeni, kipini hicho kikae juu, maana ndicho kinachoiruhusu hewa kutoka.

Jibu la pili, la mpira mmoja wa moto na mwingine wa baridi, lina sababu chache. Ikiwa gari lina koki ya maji, mtu asogeze kitufe huku mwingine akiitazama koki: mkono wake ukisogea lakini mpira wa mbele yake ukabaki baridi, koki imeganda ndani, mkono usiposogea, kebo imekatika au imechomoka. Ikiwa gari halina koki, au koki inafanya kazi, rejeta ndogo imeziba. Na huziba kwa nini? Kwa sababu tunajaza maji ya bomba au ya kisima mahali pa kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Maji matupu huozesha chuma cha injini na huacha chumvi zake, na uchafu huo husafiri mpaka unapokuta vijia vyembamba kuliko vyote, ambavyo ndivyo vya rejeta ya hita. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na hiyo ndiyo sababu ya kuitumia hata mahali ambapo maji hayagandi kamwe.

Rejeta iliyoziba kwa kiasi huweza kuokolewa. Injini ikiwa baridi, fungua mipira yote miwili penye ukuta, vika mipira mirefu ya bustani juu ya vichwa vyote viwili, na uingize maji ya bomba kwa nguvu ndogo kupitia upande ambao kwa kawaida maji hutokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Mara ya kwanza hutoka maji mekundu kama udongo wa barabara ya vumbi, yenye chembe zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole. Badilisha mwelekeo, rudia, mpaka maji yatoke meupe na kwa wingi uleule yanaoingia. Usitumie upepo wa kompresa, maana rejeta iliyoliwa na kutu hutoboka, na kutoboka kwake huleta kazi nzito zaidi. Kulanti uliyoitoa uikinge kwenye chombo, kwa kuwa ina ladha ya utamu na ni sumu kwa watoto, mbwa na mifugo.

Jibu lililobaki, la mipira yote kuwa ya moto huku hewa ikiwa ya baridi, hutupeleka ndani ya gari. Hapa maji hayana kosa, na kila shilingi itakayotumika kwenye thamostati au pampu itakuwa imepotea. Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa nilikaa misimu miwili ya kipupwe na gari la familia lisilo na joto, nikabadilisha thamostati mara mbili na kusafisha rejeta mara moja, na hakuna aliyewahi kuigusa mipira. Siku nilipojilaza chini ya dashibodi na tochi mdomoni nikamwomba mwanangu azungushe kitufe, niliiona kebo nyembamba ikienda na kurudi bila kuvuta chochote. Klipu ndogo ya plastiki iliyoishikilia kwenye sanduku la hita ilikuwa imekatika, kwa hiyo ganda la kebo lilikuwa likitembea badala ya waya ulio ndani yake. Niliusukuma mkono wa kilango kwa kidole, na papo hapo hewa ya moto ikanijia usoni. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kuifunga kebo mahali pake.

Katika magari mapya zaidi mahali pa kebo pamechukuliwa na mota ndogo ya umeme yenye meno ya plastiki. Zima redio, weka feni kwenye kasi ya chini, na ugeuze joto kutoka baridi kabisa hadi moto kabisa. Mota nzima hutoa mlio mwembamba kwa sekunde chache kisha hunyamaza. Ukisikia mgongano wa tak-tak-tak unaojirudia, meno yamekatika, au kilango kimekwama na mota inahangaika nacho. Usiposikia chochote, anza na fyuzi na plagi ya waya kabla ya kuilaumu mota. Gari lenye joto tofauti kwa dereva na abiria lina mota mbili za namna hii, na ndiyo maana upande mmoja unaweza kuwa wa moto na mwingine wa baridi. Hata hivyo, rejeta iliyoziba nusu nayo huleta hali hiyo, kwa hiyo jaribio la mipira litangulie.

Magari yenye kiyoyozi cha kujiendesha, yaani yale ambayo unaandika nyuzi 22 na kompyuta ikatafuta njia yake, yana faida moja ambayo wenye magari wengi hawaijui. Katika magari mengi ya Toyota ya aina hiyo, ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungushia hewa ya ndani, ukavishikilia huku ukiwasha swichi, taa za paneli humetameta kisha huanza kuonyesha namba. Sifuri mbili maana yake hakuna kosa. Namba 11 huelekeza kwenye sensa ya joto la ndani, 12 kwenye sensa ya joto la nje iliyo nyuma ya bampa la mbele, na 31 au 41 kwenye mfumo wa kilango cha kuchanganya hewa. Namba 21 ni ya sensa ya jua, na hujitokeza hata kama sensa ni nzima endapo jaribio limefanywa kivulini, kwa hiyo gari litolewe juani kwanza.

Sensa ya jua huwa ni kidoti cheusi juu ya dashibodi, karibu na kioo, na ile ya joto la ndani mara nyingi huwa nyuma ya kitundu chenye vijisitari karibu na usukani. Sasa tukumbuke mapenzi yetu ya kutandika mazulia ya manyoya juu ya dashibodi. Zulia likifunika sensa ya jua, kompyuta huamini kuwa ni usiku hata saa saba mchana, na likiziba kile kitundu cha pili, husoma joto la hewa iliyosimama badala ya hewa ya chumba. Gari lenye tabia ya kupiga baridi kali, kisha joto, kisha baridi bila sababu, livuliwe zulia kwanza.

Turudi kwa mkazi wa pwani. Nilisema kuwa hewa hupita kwenye kipoza kabla ya kufika kwenye rejeta ya moto. Kwa hiyo kilango kikikwama hata robo upande wa joto, hewa iliyokwisha kupozwa vizuri hupashwa moto tena, na kinachomfikia abiria ni uvuguvugu. Mwenye gari huambiwa gesi imeisha, hujaziwa, hupata nafuu ndogo au hapati kabisa, na baada ya mwezi huambiwa tena hivyohivyo. Kabla ya kulipia gesi, injini ikiwa imezimwa na imepoa, mpira unaoingia hitani ubanwe kwa kibanio laini kisichokwaruza, kisha gari liwashwe na kiyoyozi kijaribiwe. Hewa ikiwa ya baridi kali, gesi haina kosa. Joto linavuja kutoka hitani, na kinachotakiwa ni kilango au koki. Mpira mkuukuu uliokauka na kupasukapasuka usibanwe, maana utakatika.

Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu ni tatizo la rizista yake, kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole, wala halihusiani na joto. Upepo dhaifu kwenye kasi zote kwa kawaida ni chujio la hewa ya ndani lililojaa vumbi. Katika magari mengi ya Japani liko nyuma ya droo ya dashibodi, na hutolewa bila spana.

Limebaki suala la rejeta ndogo inayovuja. Hujitambulisha kwa harufu ya utamu ndani ya gari, utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele usiokubali kufutika, na zulia lililolowa chini ya miguu ya abiria wa mbele. Maji ya kiyoyozi nayo huweza kulowesha zulia hilo mrija wake ukiziba, lakini hayo hayana rangi wala utelezi. Kuibadilisha rejeta katika magari mengi humaanisha kushusha dashibodi, kazi ya siku nzima au zaidi, na hapo ndipo fundi hupendekeza njia fupi: kuitenga hita kwa kuunganisha mipira yake upande wa injini. Kama hatua ya kumfikisha msafiri nyumbani, ni hatua nzuri. Ubaya wake ni kwamba huachwa hivyo kwa miaka, na gari huuzwa kutoka Tanga yenye joto kwenda Makete yenye baridi bila mnunuzi kuambiwa neno. Anayenunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini afungue boneti na kuutazama ule ukuta wa bati. Akikuta vichwa viwili vya bomba vitupu, vyenye kutu, na mbele yake mpira mmoja uliopindwa kama herufi U ukirudi injini, hita ya gari hilo ilikwisha kutengwa, na gharama ya kushusha dashibodi iondolewe kwenye bei kabla hajatoa pesa mfukoni.